Kona Nne za Boksi

Msikilizaji uliye jikoni endelea kukoroga, uliye barabarani endelea na safari. Leo naomba tuzungumze habari za boksi. Boksi la karatasi ngumu, lile la kaki linaloleta sabuni dukani, linalosafirisha vifaranga, ambalo mwanafunzi wa bweni hufungia madaftari yake likizo ikifika. Nina deni nalo. Lilinilisha msimu mzima, na aliyenifundisha kulikunja sijawahi kumshukuru vya kutosha.

Nilikuwa na miaka 20. Nilikwenda Njombe kwa ndugu zangu, nikasikia kuna ghala la kufungashia maparachichi linatafuta vibarua. Nilidhani nitapelekwa shambani kuchuma, au nitabeba. Kumbe nilipewa meza fupi, taa moja, na rundo la makaratasi bapa lililonifika kifuani. Nikaambiwa, "Kunja." Malipo yalikuwa kwa boksi, si kwa siku.

Boksi la maparachichi ya kwenda Ulaya ni dogo. Linabeba kilo 4 na halina kifuniko. Ubavuni lina matundu ya kupitisha ubaridi, na pembeni mwa matundu hayo hupigwa namba: 14, 16, 18, 20. Namba hiyo si bei wala tarehe. Ni idadi ya matunda yanayoingia humo yakatimiza kilo 4. Yakiwa 14, ni makubwa. Yakiwa 20, ni madogo. Mnunuzi aliyeko Rotterdam, bandari inayopokea sehemu kubwa ya maparachichi yanayoingia Ulaya, akisoma 18 anajua tunda lake lina ukubwa gani kabla hajaligusa. Mimi nimekulia kwenye biashara ya magunia. Nimeona lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, ikimnyang'anya mkulima debe zima mchana kweupe, naye akiangalia. Nilipoelewa maana ya ile namba nilisimama kidogo na boksi mkononi. Hapa palikuwa na kipimo ambacho hakiwezi kushonewa kilemba juu.

Sasa boksi lenyewe huja bapa, kama shuka lililopigwa pasi. Limeshakatwa, limeshawekwa alama za mikunjo, lina ndimi na lina vijitundu vya kuingizia ndimi hizo. Juu yamechomoza masikio madogo, ambayo boksi likipandishwa juu ya lingine huingia kwenye nafasi zake chini ya lile la juu, yakashikana. Kazi ya mkunjaji ni kuinua kuta nne, kuzungusha kila kona ili ukuta mfupi ukumbatiwe na ule mrefu, kisha kusukuma ulimi kwa dole gumba mpaka uingie mahali pake. Ukiingia sawasawa hutoa kasauti: tak. Kona nne, tak nne. Siku ya kwanza sikujua kwamba ile sauti ndiyo kazi yenyewe. Nilijua kasi tu, kwa sababu kasi ndiyo iliyokuwa ikilipwa.

Meza ya pili alikaa dada mmoja wa makamo. Alikuwa amekunja maboksi misimu mingi, na kucha ya dole gumba lake la kulia ilikuwa imebonyea katikati kama kijiko cha chai. Alinitazama kwa muda, akaja, akachukua boksi langu moja, akalibonyeza kwenye kona kwa kiganja. Ulimi ukachomoka.

"Mdogo wangu, hili umelisimamisha. Hujalikunja."

"Lakini linasimama, dada."

"Hata mtoto wa miezi minane husimama akishikiliwa."

Akarudi kwenye meza yake. Nami, nakiri kwenu leo, niliendelea kukimbiza idadi.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Rundo letu la makaratasi lilikuwa limewekwa chini, juu ya sakafu ya saruji, na saruji hupitisha unyevu hata pale unapoiona kavu. Usiku ule gari lilikuwa likisubiriwa. Tulikunja karatasi zilizolegea, ambazo hazikutoa sauti yoyote ulimi ulipoingia. Dada yule alisema wazi kwamba maboksi haya yaachwe yakauke. Hakusikilizwa. Asubuhi gari liliondoka, likapita Makambako, likapita Mafinga, likateremka Kitonga, na kwenye zile kona za mlimani paleti mbili zikalala. Maparachichi ya watu, yaliyochumwa moja moja kwa mkono na kubakizwa kikonyo ili yasioze, yaligeuka rojo kabla ya kuiona bahari.

Taarifa ilipofika tulikatwa malipo, sote, na waliokunja vizuri wakiwemo. Hakuna aliyeuliza nani aliweka makaratasi kwenye sakafu.

Mchana ule dada aliniita nyuma ya ghala, akaokota kijiti, akachora mraba mavumbini. Akaniambia nihesabu. Paleti moja ilipangwa tabaka 22, kila tabaka maboksi 12. Hayo ni maboksi 264. Boksi la chini kabisa lina wenzake 21 juu yake, kila moja lina kilo 4 za matunda. Fanya hesabu, msikilizaji. Ni kilo 84, bila kuhesabu uzito wa maboksi yenyewe. Mtu mzima mwenye mwili wake amesimama juu ya kile kipande cha karatasi, tena hasimami dakika tano. Anasimama barabarani, anasimama bandarini, anasimama melini kwa wiki kadhaa, ndani ya kontena lenye ubaridi wa nyuzi 5 hivi na unyevu mwingi hewani, kwa sababu tunda halitaki kukauka. Na kontena moja kubwa hubeba paleti 20. Maboksi 5,280. Kila moja lina kona nne.

Ndipo nikauliza swali ambalo ningepaswa kuuliza siku ya kwanza. Karatasi inawezaje kubeba mtu?

Jibu unaweza kulipata hapo ulipo. Chukua karatasi ya daftari uisimamishe wima. Itaanguka. Sasa ikunje kama pepeo, mkunjo wa kwenda na mkunjo wa kurudi, kisha uisimamishe tena. Itasimama, na ukiwa na mkono mtulivu utaweza kuiwekea kikombe juu. Hujaongeza kitu. Umeipa mikunjo tu. Chana ukingo wa boksi lolote uchungulie: katikati ya karatasi mbili nyoofu utaona karatasi ya tatu inayokwenda kwa mawimbi. Mawimbi hayo yanatakiwa yasimame wima, kutoka chini kwenda juu, kama nguzo za nyumba. Ukiyalaza ubavu, yaani ukiligeuza boksi likalala, umeangusha nguzo zako zote.

Lakini nguvu kubwa haiko kwenye kuta. Ukuta wa boksi ukilemewa hutuna, ukatoka nje kama tumbo. Kona haina pa kutunia, kwa sababu kuta mbili zimeshikana mikono pale. Ndiyo maana waliopima nguvu za maboksi wameona kwamba karibu theluthi mbili ya mzigo hubebwa na zile kona nne. Ukipanga boksi juu ya boksi, kona ikasogea pembeni hata kwa upana wa kidole, unaweza kupoteza karibu theluthi ya uwezo wake wote. Na karatasi ikinywa unyevu mwingi kama ule wa chumba cha ubaridi, hubakiwa na nusu hivi ya nguvu iliyokuwa nayo ilipokuwa kavu. Kwa hiyo boksi linapotengenezwa huwekewa akiba ya nguvu kwa ajili ya safari. Sisi usiku ule tuliila akiba yote kabla gari halijawashwa.

Gundi inayoshika yale mawimbi nayo ni wanga, mara nyingi wa mahindi. Ni ndugu wa uji. Mtu akikuuliza kwa nini boksi likilowa huachana matabaka, mjibu hivyo.

Karatasi ya mawimbi haikuanza na boksi. Edward Healey na Edward Allen waliisajili Uingereza mwaka 1856 ili iwekwe ndani ya kofia ndefu za wanaume zisilegee. Mwaka 1871, Albert Jones wa New York akaitumia kufungia chupa na vioo vya taa, na mwaka 1874 Oliver Long akaibandika karatasi nyoofu pande zote mbili, ikawa ile tunayoijua. Habari ninayoipenda zaidi ni ya Robert Gair, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa na kiwanda cha mifuko ya karatasi kule New York. Mwaka 1879 mashine yake ilikuwa ikichapa mifuko ya mbegu. Ubapa wa chuma uliokusudiwa kuweka alama ya mkunjo tu ulikaa vibaya, ukaikata mifuko. Hasara. Mwingine angefoka, akatafuta wa kumkata mshahara. Gair alikaa akaitazama ile mifuko iliyoharibika, akaona kwamba kama chuma kimoja kinakata na kingine kinakunja, basi mashine moja inaweza kufanya yote mawili kwa pigo moja. Kuanzia hapo boksi likaweza kutoka kiwandani likiwa bapa, maelfu yakibanana kwenye nafasi ndogo, likangoja mikono ya mtu mwingine mahali pengine ilisimamishe. Yaani kiwanda kilitoa nusu ya boksi. Nusu ya pili ni ya mkunjaji, mpaka leo, popote ambapo mashine ya kukunja haijafika.

Wenye reli wa Marekani walichelewa kuliamini. Mzigo uliofungwa kwenye boksi la karatasi walikuwa wakiutoza nauli ya juu kuliko ule wa kasha la mbao, hadi mtengenezaji mmoja wa California aitwaye Pridham alipopeleka malalamiko, na mwaka 1914 akapewa haki. Baada ya hapo kasha la mbao likaanza kurudi nyuma.

Kwetu kasha la mbao halijarudi nyuma sana. Nenda Ilula wakati wa nyanya utazame matenga. Nyanya za juu zinacheka, za chini zimekamuliwa. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na kwa mchukuzi wa miguu ni kweli, kila kinachodondoka kinampunguzia uzito. Lakini mkulima anayelipwa kwa kile kilichofika salama hana nafuu yoyote katika kuvuja. Hasara ya safari nzima humrudia yeye kwenye bei.

Na karatasi tunayo. Pale Mgololo, Mufindi, kuna kiwanda kilichojengwa miaka ya 1980 kinachotengeneza karatasi ya kaki kutokana na mipaina ya msitu wa Sao Hill. Mpaina una nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu ndizo zinazovumilia mkunjo bila kupasuka. Karatasi ikirudishwa kiwandani ikasagwa upya, nyuzi hukatika zikawa fupi kidogo, kisha fupi zaidi. Vijana wanaokusanya maboksi Kariakoo na kuyauza kwa kilo wanafanya kazi ya maana sana, maana boksi huzaliwa tena kuwa boksi. Ila lililozaliwa mara nyingi usilipe mzigo wa kilo 84.

Niseme na mama na dada zangu wanaotengeneza sabuni, asali, viungo, keki, na kununua maboksi bapa wakayakunja wenyewe sebuleni usiku. Nawaona, na najua mnakunja mkiwa mmechoka. Yaliyobaki bapa msiyaweke sakafuni. Yawekeni juu ya ubao, mbali na ukuta. Kunjeni yale mtakayoyajaza leo, kwa sababu boksi tupu lililokaa wazi wiki nzima hunywa hewa ya mvua, tena hupoteza pembe zake. Kabla ya kulisimamisha, kila mkunjo uuvunje kwanza, uende nao mbele na nyuma mara moja, ili karatasi ijue inapopinda. Kisha mabawa mafupi ndiyo yanayotangulia kulala, marefu yanafuata juu yake, yakutane katikati. Selotepu ipite juu ya mfereji wa katikati na iteremke ubavuni upana wa vidole vitatu pande zote mbili. Isipoteremka, mtu akiliinua boksi kwa pupa litafunguka chini.

Jambo moja zaidi, na hapa nitagombana na watu wengi. Ule mtindo wa kupishanisha mabawa manne, kila moja likilalia jirani yake, unaofanya boksi lifunge bila selotepu, uacheni kwa chini ya boksi lenye mzigo mzito. Unapendeza, ni wa haraka, na sote tulijifunza utotoni. Lakini sakafu ya namna hiyo haikai bapa. Inashuka katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, na ikishuka huvuta kuta ndani, kuta zikavuta kona. Nimeona chupa za asali zikipotea kwa sababu hiyo, na aliyefunga alikuwa akilaumu dereva.

Tangu tulipoaga mifuko ya plastiki, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, karatasi imepata kazi nyingi zaidi kwetu, na wakunjaji wameongezeka. Wengi wao hawana hata jina la kazi yao. Tuna msemo Tanzania: fulani yuko Ulaya, anabeba boksi. Tukisema hivyo tunamaanisha amesoma, amesafiri, na bado anafanya kazi ya mikono kwenye maghala ya watu. Unasemwa kwa dharau, na jamaa zetu walioko Uholanzi, Uingereza na Marekani wamesutwa nao hadi wengine hawataki kusema wanafanya kazi gani. Mimi siupendi msemo huo. Namfikiria kijana wa Kitanzania kwenye ghala la Rotterdam, usiku wa baridi, anashusha paleti ya maparachichi ya Njombe. Kilichozuia mzigo ule usimwangukie miguuni ni dole gumba la mwanamke mmoja wa nyanda za juu ambaye hatamwona maishani. Yule anayebeba angalau ana msemo, hata kama ni wa kumcheka. Anayekunja hana hata huo.

Mwaka jana nilipita tena Njombe. Nikamkuta dada, nywele zimeingia mvi, bado anakunja, safari hii katika ghala jingine. Makaratasi yalikuwa yamewekwa juu ya mbao, nikafurahi. Pembeni yake walikaa wasichana watatu wapya, naye alikuwa akiwafundisha bila kuwatazama. Alikuwa amewapa mgongo, akisikiliza. Mmoja alikunja kona nne na sauti zikatoka tatu. Dada akasema, "Rudia," bila kugeuka.

Nikamuuliza malipo yakoje siku hizi. Akasema yameongezeka kidogo, ila bado ni kwa boksi, na saa anayotumia kufundisha wageni hailipwi, wala haihesabiwi kuwa kazi. Nikamwambia kwamba sasa niko redioni, kama ana neno nitalifikisha. Nilitegemea ataanza na pesa. Alishika kiuno chake kwa mikono miwili, akajinyoosha taratibu, akatazama ile meza fupi iliyokuwa mbele yake, fupi kama ile yangu ya mwaka ule.

"Waambie wainue meza," akasema. "Tunainama toka asubuhi. Mgongo wangu umeisha, hawa watoto wa kwao bado mzima."

Basi nasema, dada, kama ulivyonituma. Wenye maghala mnaonisikiliza jioni hii, Njombe, Rungwe, Murang'a, popote maboksi yanapokunjwa kwa mkono: wainulieni meza.